Namna ya Kufuatilia Historia ya Nishani ya Victoria Cross Ukiwa Dar es Salaam

Victoria Cross ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa vitani ambayo Uingereza huwapa wanajeshi wake. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1856 imetolewa mara 1,358 kwa watu 1,355, kwa kuwa watatu kati yao waliipata mara mbili. Si wengi wanaofahamu kwamba matendo matatu yaliyozaa nishani hiyo yalifanyika katika ardhi na maji ambayo leo ni ya Tanzania: la kwanza katika bandari ya Dar es Salaam mnamo Novemba 1914, la pili Mlali mkoani Morogoro mnamo Agosti 1916, na la tatu karibu na Songea mnamo Februari 1917. La nne lilifanyika Ethiopia mwaka 1941, lakini aliyelifanya alikuwa sajini wa batalioni ya Tanganyika, na jina la mahali alipofia lilikuja kupewa kambi ya jeshi hapahapa Dar es Salaam.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa historia, mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, na mwanafamilia aliyeachiwa medali ya babu bila maelezo yoyote. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa sababu ndilo litakalokuongoza hadi mwisho: kila maelezo ya tuzo yasome mara mbili, kwanza kwa ajili ya yule aliyetajwa jina, kisha kwa ajili ya wale waliokuwa pamoja naye ambao hawakutajwa.

Anza na kanuni, kisha ndipo uende kwa mashujaa

Watu wengi huanza na visa vya mapigano, nao hupotea mapema, kwa sababu hawajui ni kanuni gani ilikuwa ikitumika mwaka ule. Nishani hii ilianzishwa kwa hati ya kifalme ya tarehe 29 Januari 1856, wakati Vita vya Crimea, ambavyo Uingereza ilipigana na Urusi, vikielekea ukingoni, na hati hiyo iliruhusu kutambuliwa kwa matendo yaliyofanyika tangu vita vilipoanza. Kabla ya hapo ofisa aliweza kupewa heshima kubwa kwa sababu ya cheo chake, ilhali askari wa kawaida hakuwa na nishani ya ushujaa inayolingana na ya mkubwa wake. Hati ya 1856 ilivunja desturi hiyo kwa kutamka kwamba cheo, muda wa utumishi na hata majeraha havitazingatiwa, ila tendo la ushujaa mbele ya adui peke yake. Tarehe 26 Juni 1857 Malkia Victoria, akiwa juu ya farasi katika bustani ya Hyde Park jijini London, aliwavisha nishani hiyo watu 62 wa kwanza.

Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa mara kwa mara, na mabadiliko hayo ndiyo unayopaswa kuyaandika pembeni ya daftari lako kabla ya jambo lingine lolote. Mwaka 1858 hati ilipanuliwa ili ushujaa usiokuwa mbele ya adui nao utambuliwe, na mwaka 1881 mlango huo ukafungwa. Mwaka 1867 wanajeshi wa majeshi ya makoloni waliingizwa. Mwaka 1911 wanajeshi wa India wakaruhusiwa, na miaka mitatu baadaye, tarehe 31 Oktoba 1914, Khudadad Khan alipigana huko Ubelgiji kwa namna iliyomfanya awe wa kwanza kati yao kuipata. Kwa miongo mingi mtu aliyekufa katika tendo lenyewe hakupewa nishani. Utaratibu huo ulianza kulegezwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hati ya 1920 ndiyo iliyoliandika jambo hilo waziwazi. Usipoyajua haya utajiuliza maswali yasiyo na majibu, kama vile kwa nini shujaa fulani wa mwaka 1860 aliachwa na mwingine wa mwaka 1941 akapewa akiwa marehemu.

Kitu chenyewe ni msalaba wa shaba wenye urefu wa milimita 41 na upana wa milimita 36, ukiwa na simba aliyesimama juu ya taji. Nyuma ya msalaba huchongwa tarehe ya tendo, na nyuma ya kipande cha juu kinachoshika utepe huchongwa jina, cheo na kikosi. Utepe wake ni mwekundu wa rangi ya damu ya mzee. Mabaharia walivaa utepe wa buluu mpaka mwaka 1918, na ukiikumbuka tofauti hiyo itakusaidia kutambua picha za zamani zilizotiwa rangi vibaya.

Utakutana pia na habari kwamba kila msalaba umetengenezwa kwa shaba ya mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Ni kweli kwamba msalaba hutengenezwa na kampuni ya Hancocks ya London, na ni kweli kwamba shaba ya mizinga ya zamani hutumika. Hata hivyo, uchunguzi wa madini umeonyesha kwamba misalaba yote haikutoka katika chuma kimoja, na mizinga inayohusishwa nayo ina asili ya China. Andika hivyo, usirudie hadithi ya Sevastopol kama ilivyo. Historia ya nishani hii ina mvuto wa kutosha bila kutiwa chumvi.

Kusoma maelezo ya tuzo: mfano wa bandari yetu

Hatua ya pili ni kutafuta maelezo rasmi ya tuzo. Hayo huchapishwa katika London Gazette, gazeti la serikali ya Uingereza ambalo matoleo yake ya zamani yanapatikana bure kwenye intaneti. Tafuta kwa tarehe kabla ya kutafuta kwa jina, kwa maana kurasa hizo zimenakiliwa kwa mashine na herufi nyingi zimesomwa vibaya, hata jina unalolijua likakataa kutokea. Pia tofautisha tarehe mbili ambazo waandishi huzichanganya mno: tarehe ya tendo na tarehe ya kutangazwa. Kati ya hizo mbili huweza kupita miezi, na wakati mwingine miaka.

Chukua mfano wa Henry Peel Ritchie, ofisa wa manowari Goliath. Tendo lake ni la tarehe 28 Novemba 1914, na lilitangazwa mwezi Aprili 1915. Maelezo yanasema kwamba aliongoza kazi ya kupekua na kuharibu meli za adui ndani ya bandari ya Dar es Salaam, akajeruhiwa mara kadhaa, akaendelea kuwatia moyo wenzake mpaka jeraha la nane lilipompotezea fahamu. Aya yenyewe ni fupi, na mtu akiisoma mezani hataelewa kwa nini hatari ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo mkazi wa jiji hili afanye kile ambacho msomaji wa London hawezi kukifanya: aende Magogoni, apande pantoni ya Kigamboni, na akiwa katikati ya maji atazame upande wa bahari. Lango la bandari ni mkondo mwembamba wenye kona, nchi kavu ipo karibu kushoto na kulia, na hakuna njia nyingine ya kutokea. Wajerumani walikuwa wamezamisha gati lao la kuelea langoni mnamo Agosti 1914 ili manowari zisiingie, na kwa sababu hiyo Waingereza walituma vyombo vidogo. Wakati wa kurudi, vyombo hivyo vililazimika kupita katikati ya kingo hizo mbili huku risasi zikitoka pande zote. Dakika chache juu ya pantoni zitakufafanulia yale majeraha manane kuliko kitabu chochote. Ukishuka, rudi kwenye maelezo uyasome kwa mara ya pili, na ujiulize ni nani waliokuwa ndani ya boti zile, na ni nani waliokuwa wakiishi mjini siku ile mizinga ya Waingereza ilipoushambulia. Maswali hayo ndiyo mwanzo wa utafiti wako mwenyewe.

Kupata mahali palipopotea kwenye ramani

Mlali haina taabu. Ipo katika Wilaya ya Mvomero, kwenye njia ya kupanda Mgeta, na mtu anayetoka Dar es Salaam hufika Morogoro kwanza. Hapo ndipo Kapteni William Bloomfield, wa kikosi cha wapelelezi wa brigedi ya farasi ya Afrika Kusini, alipozidiwa na adui tarehe 24 Agosti 1916 akalazimika kurudi nyuma pamoja na majeruhi wake. Alipofika mahali pa usalama akagundua kwamba koplo mmoja, Bowker, ameachwa akiwa amejeruhiwa. Alirudi mwendo wa yadi 400 katika uwanja wa wazi uliokuwa ukipigwa kwa rashasha na bunduki, akambeba na kumtoa. Weka tendo hilo katika mtiririko wa vita: siku mbili baadaye, tarehe 26 Agosti, Morogoro iliingiwa na majeshi ya Waingereza, na mwanzoni mwa Septemba Dar es Salaam nayo ikaanguka.

Songea ni kazi zaidi. Maelezo ya Sajini Frederick Booth yanataja mahali paitwapo Johannes Bruck, tarehe 12 Februari 1917, na jina hilo hulioni kwenye ramani za leo. Majina kama hayo yalitolewa na Wajerumani, na dawa yake ni kutafuta ramani zao za Afrika Mashariki za kipimo cha 1:300,000, ambazo zimewekwa kwenye intaneti na maktaba kadhaa za nje, kisha kuzilinganisha na ramani ya sasa kwa kufuata mito. Usifuate vijiji, kwa sababu vijiji huhama na hubadilishwa majina, na mkoani Ruvuma vingi vilihamishwa. Mito hukaa karibu na pale ilipokuwa.

Soma sasa maelezo ya Booth mara mbili. Usomaji wa kwanza unamwonyesha mtu aliyetoka peke yake katika pori nene, chini ya risasi nyingi, akamrudisha majeruhi aliyekuwa katika hali mbaya, na baadaye akawakusanya askari Waafrika waliokuwa wametawanyika na kuwarejesha mstari wa mbele. Ushujaa huo haupingiki. Usomaji wa pili unaonyesha kwamba koplo wa Mlali ametajwa jina, ilhali majeruhi huyu wa Songea hakutajwa, na wale askari wa Kikosi cha Wenyeji cha Rhodesia, ambao bila wao pasingekuwa na mstari wa mbele wa kurudi, wameingia kwenye kumbukumbu wakiwa kundi lililochanganyikiwa. Liandike jambo hili katika kazi yako bila woga na bila kulikuza, kwani ni sehemu ya historia ya nishani hii sawa na vile ilivyo tarehe ya kuanzishwa kwake.

Kutoka Colito hadi Lugalo

Katika habari zote zinazouhusu mji huu, hii ndiyo ningependa isomeshwe shuleni.

Batalioni ya Sita ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, ilikuwa batalioni ya Tanganyika. Mei 1941 ilikuwa kusini mwa Ethiopia ikipigana na Waitalia, na tarehe 19 mwezi huo ilivuka Mto Bilate mahali paitwapo Colito. Vifaru vya Waitalia vikatokea ghafla kwa nyuma na kuwashambulia askari ambao hawakuwa na silaha za kuvipiga. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, aliruka juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko, akawaua waliokuwamo isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka kifaru mahali penye maficho. Alijaribu kuutumia mzinga wake akashindwa. Ndipo alipotoka kwa miguu kuviwinda vifaru vingine, akifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wengine. Alifanikiwa kupanda juu ya kingine na kukifungua, lakini kifaru kilichokuwa nyuma yake kikampiga risasi akaanguka. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye.

Sajini meja yule yumo katika maelezo rasmi, lakini kwa cheo na kwa asili yake tu. Alikwenda pamoja na Leakey dhidi ya vifaru vilevile, kwa miguu, bila silaha ya kuvizuia. Ukitaka mada ya utafiti itakayokuwa na manufaa kwa nchi hii, kutafuta jina lake katika kumbukumbu za batalioni hiyo ni mada tosha.

Baadaye kambi ya batalioni hiyo Dar es Salaam ilipewa jina la Colito. Baada ya Uhuru batalioni hiyo iligeuka kuwa ya Tanganyika Rifles, na ni katika kambi hiyo ya Colito ambapo maasi ya wanajeshi yalianza usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964. Jeshi lile lilivunjwa, likaundwa Jeshi la Wananchi, na kambi ikaja kuitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima juu ya mabadiliko hayo: ushindi uliopatikana chini ya bendera ya Mfalme wa Uingereza ukaondolewa mlangoni, na ushindi wa wenyeji dhidi ya wakoloni ukawekwa mahali pake. Ukipita kwenye barabara ya Bagamoyo kuitazama sehemu hiyo, usipige picha. Ni eneo la jeshi na ni marufuku.

Askari na medali zilizomo majumbani

Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyewahi kupewa Victoria Cross. Hata hivyo, nishani hii haikuwa na sharti la rangi lililoandikwa: William Hall, mtu mweusi kutoka Nova Scotia, aliipata kwa tendo la mwaka 1857 huko India, na Samuel Hodge wa kikosi cha West Indies aliipata kwa tendo la mwaka 1866 nchini Gambia. Askari wa Keya walioonyesha ushujaa mkubwa walipewa Medali ya Utumishi Uliotukuka Vitani, ambayo kwa miaka mingi ilitengenezwa kwa namna ya pekee ikiwa na jina la jeshi lao juu yake. Kwa hiyo anayetafuta mashujaa wa Tanganyika katika orodha ya Victoria Cross hatawaona, na anapaswa kuhamia kwenye orodha ya medali hiyo na ile ya Military Medal, medali nyingine ya ushujaa wa vitani.

Ikiwa nyumbani kuna medali, ichukue penye mwanga na uizungushe taratibu ukitazama ukingo wake, si uso wake. Medali za fedha za Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida zina namba, cheo, jina na kikosi vilivyogongwa ukingoni kwa herufi ndogo. Namba ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti, kwa sababu majina yaliandikwa na makarani wa Kizungu kila mmoja kwa masikio yake. Nyota na medali za Vita vya Pili walizopewa askari wetu kwa kawaida hazina jina, na hapo itakubidi utegemee kitabu cha utumishi, barua, au mdomo wa mzee. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba wala kwa majivu, kwani herufi zikishafutika hazirudi, na usikubali kuiuza kwa mtu anayekuja mlangoni na kusema ni chuma chakavu.

Ukienda kumhoji mzee, mwamkie kwanza, ukae, na uache mazungumzo yaanze kwa habari za nyumbani. Kisha tumia majina ya wakati wake, kama Habeshi kwa Ethiopia na Bama kwa Burma. Uliza, "Babu, shikamoo. Tunaambiwa marehemu baba yako alikuwa Keya. Je, alikwenda Habeshi au alikwenda Bama?" Swali la namna hiyo hujibiwa, na mara nyingi hufuatwa na jina la kamanda, la bandari walikopandia meli, na la rafiki aliyefia huko. Swali la "alitumikia kikosi gani mwaka 1944" humnyamazisha mzee anayejua mengi.

Mahali pa kwenda, na namna ya kuhifadhi

Mjini anza na Sanamu ya Askari, katika makutano ya Mtaa wa Samora na Mtaa wa Maktaba, iliyozinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa pamesimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa zamani wa Kijerumani. Askari huyo wa shaba ameelekeza singe yake bandarini. Usiishie kumtazama yeye. Inama usome maandishi ya chini, ambayo yanawataja pia wapagazi, na uangalie picha za kuchongwa zilizo kwenye kitako. Kutoka hapo si mbali kufika Kariakoo, ambako wapagazi hao waliwekewa kambi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na kazi yao haikuwa ya aina inayopewa nishani. Makaburi ya vita yaliyopo kando ya barabara ya Bagamoyo yanafaa kutembelewa baada ya hapo, ukiwa na daftari la kunakili namba na tarehe.

Kwa nyaraka, nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, yenye majalada ya utawala wa Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Ulizia utaratibu wa kibali mapema, na ufike ukiwa na swali mahususi lenye mwaka na mahali, kwa kuwa mhifadhi hawezi kukusaidia ukimwambia unataka "habari za vita". Kumbukumbu za kila siku za batalioni zipo London, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza: rejesta ya Victoria Cross ipo chini ya alama WO 98, na shajara za vikosi vya Vita vya Kwanza chini ya WO 95. Baadhi zinaweza kununuliwa kwa nakala bila kusafiri.

Unapoandika matokeo yako, tenga ukurasa mmoja kwa kila tendo, na uweke tarehe ya tendo, tarehe ya kutangazwa, mahali kwa jina la wakati ule na kwa jina la leo, kanuni iliyokuwa ikitumika, na walichosema walioshuhudia. Chini yake acha nafasi pana yenye kichwa "Waliokuwepo", uwaandike wote waliotajwa bila majina, hata kama kwa sasa utaweza kuandika tu "sajini meja, Colito, 19 Mei 1941". Nakala moja ibaki kwa familia au shuleni, na nyingine ipelekwe maktaba, ili mtafiti atakayekuja baadaye na jina mkononi ajue pa kuliandika.